Zunguka Gari Kwanza

Mara ya kwanza kufa katika mchezo ule, niliuawa na gurudumu.

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari Mtwara, miaka ambayo watu wengi wa kwetu Msumbiji tulikuwa tumevuka Ruvuma na hatukuona haraka ya kurudi. Jirani na shule palikuwa na duka la fotokopi, na ndani ya duka kompyuta moja, sanduku la rangi ya maziwa yaliyochacha, lenye kioo kilichotuna kwa nyuma kama kisogo. Mwenye duka alikuwa mtu mpole aliyependa kulala baada ya adhuhuri. Akienda kulala alituacha mimi na mwenzangu wa darasani tukae mbele ya kioo, kwa sharti la kumwamsha akija mteja.

Kompyuta ile ilikuwa na mchezo mmoja tu. Wewe ni polisi katika mji mdogo wa bara, mahali penye jua kali na barabara zilizonyooka. Hakuna kuruka kuta wala kutupiana ngumi. Unafika kituoni, unavaa sare, unasikiliza maagizo ya asubuhi, unachukua ufunguo wa gari, unaingia kazini. Kila unachotaka kufanya unakiandika chini ya kioo kwa Kiingereza, na Kiingereza chetu tulikuwa tunakichota kwenye kamusi iliyopoteza jalada.

Niliingia garini nikaondoka. Mtaa wa pili sikuufikia. Kioo kikaniambia gurudumu limepasuka, gari limepinduka, kazi yangu ya polisi imekwisha. Nikaanza upya: sare, maagizo, ufunguo, gari. Gurudumu likapasuka. Tulicheza hivyo siku nyingi, tukiamini mchezo wenyewe ni mbovu, mpaka mwenzangu akasema, "Tuzunguke gari kwanza."

"Tuzunguke tukitafuta nini?"

"Sijui. Tuzunguke tu."

Tukamtembeza yule polisi mdogo mbele ya gari, ubavuni, nyuma, ubavu wa pili. Kioo kikaandika kwamba magurudumu ni salama. Tukaingia, tukaondoka, na siku hiyo hayakupasuka. Mimi nilikasirika. Kama gurudumu lilikuwa zima, kwa nini lilinipasukia kila siku? Na kama lilikuwa bovu, limepona kwa kutazamwa? Mwenzangu alicheka mpaka mwenye duka akakohoa huko chumbani.

"Mchezo huu unataka adabu," alisema. "Kama kuingia kwa watu. Hupiti hivihivi."

Na kweli ulikuwa mchezo wa adabu. Ukiingia mahabusu na bastola kiunoni, mfungwa anakunyang'anya na kukumaliza, kwa sababu hukuiacha kwenye kisanduku cha nje. Ukimuuliza mshukiwa swali kabla ya kumwambia haki zake, hata kama ndiye mwizi, hakimu anamwachia, nawe unabaki umesimama mahakamani na ukweli wako usiokufaa kitu. Ukiokota kitu chini kwa mkono mtupu, hakiwi ushahidi tena. Kila jambo lilikuwa na zamu yake, na lile la haraka ndilo lilikuwa na zamu ya mwisho.

Sikuumaliza mchezo ule. Kompyuta iliharibika, shule ikaisha, mwenzangu akaenda zake na mimi zangu, na tangu hapo sijui alipo. Nimekaa Pemba, ile ya Msumbiji, nimekaa Nacala, nimekaa Dar es Salaam, nimerudi Pemba, kila mji nikiukaa kama mtu anayekaa kwenye ngazi: anapumzika, lakini si mahali pa kukaa. Nimeuza simu, nimelinda maghala, nimepakia mizigo bandarini. Nimesimamishwa na polisi wa kweli wa nchi mbili, na sijamwona hata mmoja akizunguka gari lake. Kila nilipomwona polisi anaingia tu na kuondoka, nilisikia gurudumu likipasuka kichwani mwangu.

Sasa nimevuka arobaini, nimerudi kwa dada yangu mkubwa, Quitunda, karibu na mji wa Palma. Ni kijiji cha nyumba za bloku, walichojengewa watu waliohamishwa kutoka kwenye ardhi ya gesi. Nyumba ni nzuri, ila zimefanana. Ukuta mmoja, bati moja, mlango mmoja, mstari kwa mstari. Nilipokuja mara ya kwanza, dada aliniambia kwenye simu nitafute mlango wenye pazia la kapulana, yaani kitenge, la njano lenye michoro ya korosho. Nikauona mlango wenye kitu cha njano, nikapiga hodi, nikakaribishwa, nikavua viatu, nikakaa, nikaletewa maji, nikaulizwa habari za safari nikajibu. Nilikuwa nimeshakunywa bilauri ya pili ndipo mama mwenye nyumba akauliza kwa upole, "Samahani baba, wewe mgeni wa nani?"

Huko ndiko wanakotambuana kwa mapazia. Hakuna anayesema nyumba ya ngapi. Watasema ya pazia la maua, ya pazia la bendera, ya pazia lililoungua pembe. Pazia la dada yangu lilikuwa sare. Wanawake wa kikundi chake, wale wanaosaidiana kwenye arusi na misiba, walinunua jora moja wakagawana, na kwa kuwa arusi si za kila siku, wengine waliona heri nguo iwe mlangoni ipendeze kuliko ikae sandukuni iliwe na mende.

Katika uwanja wa dada, nyuma ya nyumba ya bloku, kuna chumba cha miti na udongo. Anakaa humo mpwa wangu na mumewe, kwa kuwa kwetu mume ndiye anayehamia kwa wakwe. Mume huyo ni Mmakonde wa Pundanhar. Alilelewa Mkristo, akasilimu alipomtaka mpwa wangu, na anafanya kazi za ujenzi Palma zikipatikana. Ni kijana mkimya, mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Dada yangu hasemi naye ana kwa ana. Si ugomvi, ni heshima ya mama mkwe, ingawa dada anaishika heshima hiyo kama mtu anayeshika fimbo. Akitaka kumwambia neno anapitishia kwangu, hata tukiwa tumekaa jamvi moja.

"Mwambie mkwe chumvi iko nyuma yake."

"Mwambie mama nimeiona," kijana anajibu.

Mimi sijafungua mdomo, na chumvi imeshafika.

Nilikuja na kompyuta ya kukunja niliyoinunua mkononi mwa mtu Nacala, na fundi mmoja wa simu wa Palma, anayekusanya michezo ya kale kama wengine wanavyokusanya sarafu, alinitilia mchezo ule. Nilipouwasha na kumwona yule polisi mdogo amesimama pale pale kituoni, hajazeeka, nilimgusa kwa kidole juu ya kioo. Mkwe alikuwa amekaa pembeni akinoa panga.

"Huyo nani, mjomba?" akauliza.

"Rafiki yangu wa zamani."

Tangu siku hiyo tukawa tunacheza alasiri, paneli ya jua ikishashibisha betri. Nilimfundisha maneno, na yeye, aliyesoma Kireno tu, aliyashika kwa umbo lake kama mtu anavyozishika alama za mifugo. Lakini alipenda mambo ambayo mimi nilitaka yapite. Alipenda maagizo ya asubuhi. Alipenda kulizunguka gari, tena si mara moja.

"Mkwe, tumeshazunguka."

"Upande ule hatukutazama vizuri, mjomba."

"Gari ni la kuchora hilo. Halina upande ule."

"Basi haraka ya nini?"

Dada alikuwa akipita na ungo wake na kusema, akiuambia ungo, "Watu wazima wawili wanamlinda polisi wa kwenye kioo. Mahindi yangu ananilindia nani?"

Ndivyo tulivyokuwa tukiishi mpaka sufuria lilipopotea.

Lilikuwa sufuria la kikundi, la kupikia wali wa watu wengi, ambalo mtoto anaweza kuoga ndani. Mkono wake mmoja ulikatika zamani, ukafungwa kwa bolti. Vyombo vya kikundi hutunzwa kwa zamu, nyumba hii kisha nyingine, na zamu ilikuwa ya dada. Palikuwa na arusi ncha ya pili ya kijiji, wanawake wakaenda, sufuria likaenda nao. Watu walipokwisha kula, ngoma ingali inachezwa, mabinti wawili wa upande ule wakaambiwa walisugue na kulirudisha. Wiki iliyofuata akaja mwanamke kulichukua kwa ajili ya hitima, dada akashangaa, maana alidhani lingali kule arusini.

Mabinti wakaitwa.

"Tulileta sisi," mkubwa alisema. "Wallahi, mpaka shingo zimeuma."

"Mlimpa nani?"

"Hapakuwa na mtu. Tuliliweka jikoni, karibu na mafiga, tukalifunika na ungo."

Jikoni kwa dada ni kibanda cha nyuma kisicho na mlango. Kama sufuria liliwekwa pale na halipo, limechukuliwa na mtu anayepita pale, na wanaopita pale ni wa nyumbani. Hakuna aliyelisema hilo. Kisha jirani wa mbele, mwanamke asiyelala sana, akakumbuka kitu. Asubuhi ya siku iliyofuata arusi alimwona mkwe akipanda mota, pikipiki ya kukodi, kuelekea njia ya Pundanhar, na amebeba mbele yake kitu kikubwa cha mviringo kilichofunikwa na nguo.

"Mimi sisemi kitu," alisema. "Nasema nilichokiona."

Wanawake wakakaa kwenye jamvi la dada, wakazungumza kwa sauti ya chini, na ilipofika alasiri neno lilikuwa limepatikana: isomwe Halbadiri. Majina ya wale mashujaa wa vita vya Badri yasomwe juu ya jambo hili, na aliyelichukua atajulikana kwa litakalompata. Huku kwetu hata mtu ambaye hajaiba kijiko hapendi Halbadiri isomwe karibu na mlango wake. Shehe aliulizwa, akasema atakuja Ijumaa baada ya sala, lakini kwanza waulizwe wa nyumbani, maana si vizuri kusoma juu ya kichwa cha mtu kabla hajaulizwa kwa mdomo.

Dada akanigeukia. "Umesikia. Wewe ndiye mjomba wa mkewe. Kamuulize mkweo."

"Mkwe wako."

"Wangu simuulizi. Mimi na yeye tuna heshima yetu."

Nilielewa nimebebeshwa nini. Mwanamume anayekaa kwa wakwe, akiulizwa juu ya sufuria, huwa ameshahukumiwa. Kama alichukua ataondoka kwa aibu, na kama hakuchukua ataondoka kwa uchungu, na njia ya Pundanhar ni ile ile. Na yeye alikuwa na jambo la zaidi. Kuna watu pale kijijini ambao bado waliuita Uislamu wake Uislamu wa arusi. Akikataa kuulizwa wangesema anaiogopa Halbadiri. Akikubali wangesema haiogopi kwa sababu haiamini.

Mpwa wangu alinikuta pembeni ya kisima. Mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana.

"Mjomba, ukimuuliza, hatakujibu," alisema. "Atafunga mfuko. Namjua. Na akienda kwao kwa ajili ya sufuria, harudi."

"Na wewe?"

"Mimi nitamfuata na tumbo hili, mama abaki na sufuria lake."

Nilirudi nikamwambia dada, "Nitamuuliza. Lakini kabla sijamuuliza, niache nizunguke kwanza."

"Uzunguke wapi? Wewe maisha yako yote ni kuzunguka."

"Safari hii nitazunguka nyumba yako."

Alinitazama kama mtu aliyeona jua limenipiga. Lakini hakukataa, na Ijumaa ilikuwa bado mbele kidogo.

Nilianzia kwa mwenye mota, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na kile kitu cha mviringo kuliko macho ya jirani. Nilimkuta kijiweni Palma anafuta kiti chake.

"Mkwe wako? Alibeba beseni," alisema. "Basia la plastiki, jekundu. Samaki wakavu na sukari, vya mama yake. Njia ile unaijua ilivyo. Kila shimo ananiambia polepole, polepole. Nilidhani amebeba mayai."

"Uliliona kwa macho yako?"

"Mzee, lilinikaa mgongoni mpaka Pundanhar. Nililisikia kwa mbavu zangu."

Nikamletea dada habari hiyo. Dada alikuwa akichambua mchele.

"Mwenye mota ni rafiki yake," alisema. "Na sufuria je? Limeota miguu?"

Alikuwa na haki. Kumtoa mtu kwenye jambo si sawa na kulijua jambo. Nikazunguka nyumba kweli. Nilianza mlangoni, nikapita ubavuni penye mapipa ya maji, nikafika nyuma kwenye chumba cha miti, ambapo mkwe alikuwa amekaa kizingitini anashona ukanda wa kiatu. Alinisalimu, nikamwitikia, nikapita. Alinifuata kwa macho mpaka kona. Nikafika jikoni, nikachutama pale mabinti waliposema, karibu na mafiga.

Pale alikuwapo kuku, ameatamia.

Nilimkuta kila siku pale, nikamzoea kama mtu anavyozoea jiwe. Alikuwa amejichimbia shimo lake katikati ya mafiga na gunia la mkaa, amejaza manyoya. Nilisogeza mkono akanidonoa. Jikoni ile ni ndogo. Ukitoa mafiga, ukitoa gunia, nafasi iliyobaki ilikuwa yake.

"Dada! Kuku huyu ameatamia tangu lini?"

"Tangu kabla ya arusi. Karibu anatotoa. Mwache, asije akayaacha mayai."

"Hakuhama hapa hata siku moja?"

"Ahamie wapi na mayai?"

Nilikaa chini kwenye jivu. Sufuria kama lile, na ungo juu yake, karibu na mafiga, na kuku yupo? Nikatoka nikavuka kijiji kizima mpaka kwa mabinti. Niliwakuta wanatwanga. Nilijikumbusha adabu ya mchezo, nikawaambia kwanza kwamba sikuja kumshtaki mtu, kwamba nawaamini walilileta, kwamba nataka wanikumbushe tu. Yule mdogo, aliyekuwa tayari kulia, akaweka mchi chini.

"Mlipoliweka sufuria, yule kuku aliwadonoa?"

Wakatazamana.

"Kuku gani?" mkubwa akauliza.

"Aliyekuwa jikoni, karibu na mafiga."

"Hakukuwa na kuku, babu. Palikuwa pamefagiliwa. Safi."

Niliitwa babu kwa mara ya kwanza siku ile, lakini sikuwa na wakati wa kuumia. "Na nyumba mliijuaje?"

"Tuliambiwa pazia la njano la korosho. Lilikuwa moja tu mstari ule wote."

Njiani kurudi nilitembea polepole, na nilipofika kwa dada nilisimama mbele ya mlango nikalitazama pazia kama silijui. La njano, michoro ya korosho, limening'inia pale pale. Dada akatokeza kichwa.

"Umepotea tena? Ndiyo hapa kwenu."

"Dada, siku ya arusi ulivaa nini?"

"Nivae nini? Sare. Sote tulivaa sare."

"Hii?"

Akaligusa pazia. "Hii. Nina nyingine wapi? Niliishusha asubuhi, nikaipiga pasi, nikavaa. Niliporudi nikaifua, nikai..."

Hakuimaliza. Mkono wake ulibaki juu ya nguo, na nikaona jambo lilivyomwingia, kwanza kwenye macho, kisha kwenye mabega. Siku ya arusi mapazia yote ya njano ya kijiji yalikuwa arusini, yanacheza. Yalikuwa viunoni mwa wenyewe.

"Nani hakwenda?" nikauliza.

Alikaa kizingitini. Mkono ulikwenda mdomoni. "Yule wa mstari wa nyuma," alisema. "Yule wa kikundi chetu. Alikuwa anafunga mizigo, anamfuata mumewe Macaloe kwenye samaki. Alituma salamu."

Tukaenda wote wawili, dada mbele yangu kwa mwendo ambao sikuuona tangu utoto wetu. Nyumba ilikuwa sawa na yake, bloku kwa bloku. Dirisha limefungwa, kufuli mlangoni, na juu ya kufuli pazia la njano la korosho, limepauka kidogo kwa jua na upweke. Jikoni kwa nyuma palikuwa pamefagiliwa. Mafiga matatu, basi. Sufuria halikuwapo.

Kisiwani Macaloe simu inashika mahali pamoja pamoja. Tulimpigia mpaka tukachoka, tukamwachia ujumbe, tukakaa. Alipiga mwenyewe siku ya pili yake, sauti yake ikija na upepo mwingi.

"Sufuria?" alisema. "Si lipo ndani kwangu! Nilikwenda kuaga kwa shemeji, nikarudi nikalikuta jikoni, limesuguliwa, limefunikwa na ungo wangu. Nikasema, ah, zamu yangu imefika, wenzangu wameniletea. Nikaliingiza chumbani nikalifungia."

"Kwa nini ukalifungia?" dada akamuuliza.

"Dada yangu! Lisije likaibiwa."

Ufunguo ulikuwa kwa shemeji yake. Tulilikuta katikati ya chumba, limekaa kama mgeni rasmi, na bolti yake mkononi. Dada alilizunguka. Nilimwona kwa macho yangu: alilizunguka lote, akaligonga ubavuni, ndipo akaita watu walibebe.

Jioni ile nilimfuata mkwe chumbani kwake. Mlango ulikuwa wazi. Juu ya kitanda palikuwa na mfuko wa safari, umejaa, zipu imefungwa, na shati lake la kutokea limekunjwa juu yake.

"Ulijua," nikasema.

"Kijiji hiki kina kuta nyembamba, mjomba."

"Tangu lini umeufunga?"

"Tangu jirani alipokumbuka." Aliukanda ule ukanda wa kiatu aliokuwa bado anaushona. "Nilikuwa nakusubiri uniulize. Kila nikikuona unakuja nasema, haya, sasa ananiuliza. Nawe unapita. Mara jikoni, mara mlangoni. Nikasema, mjomba huyu anafanya nini?"

"Ningekuuliza, ungenijibu nini?"

"Nisingejibu. Ningekusalimu, nikachukua mfuko."

Mpwa wangu aliingia, akatutazama, akaufungua mfuko na kuanza kuzirudisha nguo kambani moja moja. Ile ya kutokea akainusa kwanza.

Ijumaa shehe alikuja, na wali wa hitima ulikuwa jikoni ndani ya sufuria lile lile. Akaambiwa. Alicheka kidogo, akaomba dua ya kushukuru badala ya ile nyingine, na akala vizuri kuliko angekula baada ya kuwasomea watu Halbadiri. Jirani wa mbele alikula pembeni. Alisema mara mbili kwamba yeye alisema alichokiona tu, na hakuna aliyembishia, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Dada hakuomba radhi. Angeomba kwa mdomo gani, na yeye hasemi na mkwewe? Lakini watu walipokwisha kula, aliinama ndani ya sufuria na kijiko cha chuma, akaung'oa ukoko wote wa chini, ule wa rangi ya asali ambao wazee wenyewe hugombania, akauweka kwenye sahani nzuri, akaufunika.

"Mpelekee mkwe," aliniambia. "Mwambie ni wa sufuria."

Nikaupeleka. Mkwe alifunua, akautazama kwa muda mrefu, akavunja kipande akanipa mimi, akavunja kingine akampa mkewe.

"Mwambie mama nimeuona," alisema.

Siku chache baadaye kuku alitotoa, na tukarudi kwenye mchezo. Tulikuwa tumefika mbali kuliko nilivyowahi kufika Mtwara. Nilimkumbuka mwenzangu wa duka la fotokopi, nikatamani awepo, au basi ajue tu kwamba kuna kijiji ambako adabu yake imefaa. Nimekuwa nikifikiri niondoke baada ya mvua, kama kawaida yangu. Sijaondoka. Nataka kuona mwisho wa mchezo, na mtoto karibu atazaliwa.

Alasiri moja tulikuwa tumekaa barazani, kompyuta juu ya ndoo iliyogeuzwa. Polisi wetu alikuwa amepokea ufunguo, amefika garini, na mkwe alikuwa ameshaweka vidole tayari kumwingiza. Nyuma yetu pazia la njano lilisogea. Dada alikuwa amekaa upande wa ndani wa mlango, kwenye kigoda, na ungo wake magotini. Sijui alikuwa amekaa pale tangu saa ngapi, wala kwa siku ngapi.

"Mwambie azunguke kwanza," alisema.

Vidole vya mkwe vilisimama. Hakugeuka nyuma, kwa heshima, lakini nilimwona shavu likivutika.

"Mwambie mama tumeshazunguka."

Mchele ukarushwa ndani ya ungo, ukatua.

"Mwambie azunguke tena. Upande ule hakutazama vizuri."

Nami, kama kawaida, sikusema kitu. Mkwe aliandika neno lake chini ya kioo, na yule mtu mdogo akaanza kutembea polepole kulizunguka gari.